Naftali na Bastola ya Mkono Mmoja

KINAMPANDA, Iramba. Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya miamba, na Naftali Msengi amekwisha kuketi barazani kwake. Bastola imebanwa kwenye jiliwa, naye ameinamisha kichwa mpaka sikio limegusa chuma. Anapampu mara moja, ananyamaza. Anapampu tena. Kuku anapita chini ya meza, anamfukuza kwa mguu bila kuinua uso.

"Inapumua," anasema hatimaye. "Haitakiwi ipumue. Ikishashiba hewa inyamaze nayo mpaka utakapoihitaji."

Anaifungua. Ndani ya bomba anachomoa kikombe cha ngozi, kidogo kama kifungo cha koti, kimekauka hadi kimepasuka ukingoni. Anakitupa. Kingine amekiloweka tangu jana ndani ya kikopo cha mafuta ya nyonyo. Anakikamua kwa vidole, anakivisha kichwani mwa fimbo ya pampu, anairudisha taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto mchanga nguo. Anapampu, anasikiliza. Safari hii anatabasamu.

Pembeni, mkewe Damari anaanika uwele kwenye mkeka. Amezoea. "Akianza kuongea na vyuma asubuhi," anasema, "najua siku itakuwa njema. Akinyamaza, uji wenyewe haunyweki."

Bastola anazozitengeneza Naftali si zile za askari. Hazitumii baruti wala hazina mlio wa kuamsha kijiji. Ni bastola za upepo. Chini ya mtutu kuna mkono wa chuma. Unaupampu, hewa inashindiliwa ndani, ukifyatua hewa hiyo inasukuma kidonge cha risasi kisichozidi punje ya mtama. Wanaozimiliki ni walimu, makarani, wenye maduka na wakulima wachache waliojaliwa. Wanazitumia kuwapiga panya ghalani, njiwa, na kicheche anayenyemelea vifaranga.

"Wengine huniuliza kama zinafukuza kwelea," Naftali anasema, akicheka. "Kwelea ni jeshi. Utapiga mmoja, wenzake watakula shamba huku wakimlilia."

Kwake hakuna kibao mlangoni. Kazi yake yote iko juu ya meza moja ya mninga na ndani ya sanduku moja la mbao: tupa, keekee, msasa, lehemu, vipande vya ngozi ya mbuzi. Lakini mteja akileta bastola mbovu, mara nyingi huondoka nayo ikiwa nzima na imegeuka umbo. Mwalimu mmoja mwenye vidole virefu alichongewa mpini mpya wa mpingo uliomkaa kiganjani. Mzee aliyechoka mabega alirefushiwa mkono wa pampu ili usimtoe jasho. Karani mwenye miwani aliinuliwa kilengeo, kile kinundu cha kulengea kilicho juu ya mtutu, akaacha kulalamika kwamba njiwa wa Iramba ni wachawi.

"Kiwandani hutengeneza bastola ya kila mtu," anasema. "Mimi namtengenezea huyu aliyekaa mbele yangu."

Naftali alizaliwa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka alipo sasa. Baba yake alikuwa mfugaji na mtundika mizinga, naye alitarajiwa kufuata njia hiyo. Badala yake, alipopata nguvu za kijana, aliteremka bondeni kwenda Sekenke kwenye machimbo ya dhahabu. Alipangwa kwenye mashine kubwa ya kushindilia upepo, ule unaozungusha keekee za kutobolea miamba.

"Kule ndiko nilikojifunza kuuheshimu upepo," anakumbuka. "Huuoni, huushiki, lakini mpira ukichomoka unaweza kumrusha mtu mzima. Nikasema moyoni, kumbe kitu hiki ninachokivuta bure kila siku kina nguvu namna hii."

Kazi zilipopungua machimboni alirudi nyumbani, akaoa, akaanza kutengeneza baiskeli, stovu na taa za karabai. Vyote hivyo vina pampu, na kila pampu ina kikombe chake cha ngozi. Kwa hiyo siku Mwalimu Filipo alipomletea karabai mbovu, na kwenye mfuko huo huo akachomoa bastola ya upepo aliyoachiwa na mgeni aliyerudi kwao Ulaya, Naftali hakushtuka sana.

"Mwalimu akaniuliza, 'Hii nayo utaiweza?' Nikaitazama. Nikamwambia, 'Mwalimu, hii ni karabai, ila haitoi mwanga.'"

Ilikuwa ngozi tu. Aliibadilisha jioni ile ile. Mwalimu Filipo akaonyesha wenzake, wenzake wakaonyesha wenzao, na bastola zilizokuwa zimelala makabatini zikaanza kupanda mlima kuja Kinampanda.

Lakini ukimuuliza Naftali ni lini hasa alipoanza kujiita fundi, hatataja siku ile. Atakutajia Ezekieli Mkumbo.

Ezekieli alikwenda vita vya Bama, ng'ambo ya bahari, pamoja na Keya, jeshi la askari Waafrika wa Mwingereza. Katika kikosi chake alisifika kwa shabaha. Alirudi bila mkono wa kushoto, umekatwa juu ya kiwiko. Alikuta baba yake amefariki na mama yake, Bibi Magdalena, amezeeka, akilinda peke yake shamba la mtama lililo chini kabisa ya miamba, mahali ambapo tumbili huona shamba hilo kama baraza lao.

Tumbili, kama anavyoeleza Ezekieli mwenyewe, ni wepesi wa kumsoma mtu. "Mwenye mikono miwili akiinama kuokota jiwe, wanakimbia. Mimi nikiinama, wananitazama. Wameshajua kwamba kabla ya kuokota jiwe lazima kwanza niweke fimbo chini."

Mama yake ndiye aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kugonga debe shambani. Jambo hilo lilimkera Ezekieli kuliko tumbili wenyewe.

Asubuhi moja ya mwaka 1952 alifika kwa Naftali na kikapu begani.

"Shikamoo, kaka," Naftali alimwamkia, maana Ezekieli ni mkubwa kwake.

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu kigoda."

Ezekieli aliketi, akaweka kikapu magotini, akatoa bastola mpya ya upepo. Ilikuwa bado inang'aa mafuta ya dukani.

"Nimeinunua Singida mjini, kwa Mhindi," alisema. "Mhindi akanipampia. Nikapiga kopo lililokuwa juu ya ukuta, likaanguka. Nikamrudishia, akapampu, nikapiga tena. Nikafurahi, nikalipa, nikapanda lori. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka."

"Umekumbuka nini, kaka?"

"Kwamba Mhindi nimemwacha dukani."

Naftali anasema hakujua ageukie wapi. Alitaka kucheka, akaona aibu. Ezekieli ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaisogeza bastola mezani.

"Nifanyie kitu, Naftali. Mama yangu amechoka kugonga debe."

Bastola ya kupampu inataka mkono mmoja ushike na mwingine upampu. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa. Naftali alianza kwa kurefusha mkono wa pampu ili Ezekieli aubane kwapani kwa kile kigutu. Ezekieli alijaribu, jasho likamtoka, bastola ikamchomoka na kumgonga gotini. Naftali akaufunga mkono wa pampu kwa kamba kwenye mti. Kamba ilifaa nyumbani, lakini je, shambani atakwenda na mti?

Ndipo Naftali alipomwita mkewe.

"Aliniambia nimfunge mkono wa kushoto mgongoni," anasimulia Damari, na hapo anaacha uwele wake kabisa. "Nilidhani amerukwa na akili. Nikamfunga kwa kanga, nikakaza. Alishinda hivyo siku nzima. Saa ya chakula akataka nimfungue. Nikamwambia, 'Ezekieli anafunguliwa na nani?' Akala ugali hivyo hivyo, mboga ikimwagika kifuani."

Naftali anakiri kwamba kanga ile ilimfundisha kuliko mashine zote za Sekenke. Siku zote alikuwa akidhani shida ya Ezekieli ni nguvu. Kumbe nguvu zilikuwepo tele. Mkono mmoja uliozoea kazi ya miwili una nguvu za ajabu. Shida ilikuwa kwamba bastola yenyewe haikuwa na kitu cha kuishikilia chini. Kila ukivuta, inakufuata.

Akaivunja pampu yote na kuipanga upya. Mkono wa chuma akautupa. Badala yake aliweka fimbo ya kuvuta moja kwa moja, kama ya pampu ya baiskeli. Mbele ya bomba akafunga kikuku cha kukanyagia, alichokipinda kutoka kwenye chuma cha breki ya baiskeli. Mtu anaelekeza mtutu ardhini, anakanyaga kikuku kwa mguu, anavuta na kusukuma kwa mkono wake mmoja. Akimaliza, anabana bastola katikati ya magoti, anatia kidonge, anainuka nayo. Mpini aliuchonga upya, mnene chini, ili ukae imara bila msaada wa kiganja cha pili.

Siku ya majaribio walikwenda wote shambani: Ezekieli mbele, Naftali na Damari nyuma yake, wakajibanza kwenye jiwe. Tumbili dume, yule ambaye Ezekieli alikuwa amempa jina la sajini wake wa zamani, alikuwa ameketi juu ya mwamba akimenya suke. Alimwona Ezekieli anainama. Hakujishughulisha. Alimwona anakanyaga kitu na kuvuta, akavuta tena. Akaendelea kumenya.

"Kaka Ezekieli aliinua mkono," anasema Naftali, "na mimi nikaona mtu ambaye sikuwahi kumwona. Bega lilitulia. Hata pumzi sikuiona. Halafu, paf! Tumbili aliruka kama aliyekalia kaa la moto."

Kidonge kilimpata makalioni. Hakufa, wala Ezekieli hakutaka afe. "Akifa, nani atawapelekea wenzake habari?" anasema.

Habari zilifika. Msimu ule Bibi Magdalena alilala mpaka jua likatoka, jambo ambalo majirani walianza kwa kulidhania ni ugonjwa. Mtama ulipovunwa, Ezekieli alileta debe zima kwa Naftali, na jogoo juu yake.

Kama simulizi hii ingeishia hapo, Naftali angeridhika. Lakini jina la fundi halichagui masikio.

Ulikuwa wakati ambao habari za vita vya Kenya zilikuwa midomoni mwa watu wote, na mtu fulani, ambaye hadi leo Naftali hajamjua na anasema hataki kumjua, alipeleka maneno bomani Kiomboi kwamba kuna Mnyiramba anaunda bastola nyumbani kwake, na anazijaribu na askari wa zamani. Ukiyasikia maneno hayo bila kumwona tumbili, yanatisha kweli.

Askari wawili wa boma walifika mchana. Damari aliwakaribisha maji. Walikunywa, wakashukuru, kisha wakaanza kukusanya kila kitu kwenye gunia: bastola za wateja, ya Ezekieli iliyokuwa imeletwa kubadilishwa ngozi, mitutu, springi, hata kikopo cha mafuta ya nyonyo.

"Niliogopa," anasema Damari. "Wao hawakuwa wakali, hapana. Walikuwa na adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyonitisha."

Naftali alilala boma. Asubuhi alipotolewa kwenda mbele ya Bwana Shauri, Mzungu anayeamua mashauri bomani, alimkuta Ezekieli amekaa kwenye ngazi, miguu imejaa vumbi jekundu. Hakuna aliyemwita. Alikuwa ametembea tangu jogoo la kwanza.

Bwana Shauri alimwaga gunia mezani, akainua ile yenye kikuku, akaigeuzageuza. "Hii inaua mtu?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha boma.

"Inaua panya na njiwa, Bwana," Naftali alijibu. "Mtu inamuuma, na jichoni inaweza kumpofusha. Ndiyo maana simpi mtoto."

"Na hiki cha chuma mbele ni cha nini?"

Ezekieli aliomba ruhusa, akaichukua, akakanyaga, akavuta. Chumba kizima kilimtazama. Akaibana magotini, akainuka nayo ikiwa tupu, akairudisha mezani kwa heshima.

"Nani aliwapa wazo hili?"

"Tumbili, Bwana," alisema Ezekieli.

Karani aliyekuwa pembeni aliinamisha uso haraka kwenye makaratasi yake. Bwana Shauri hakucheka, lakini aliketi, na Naftali anasema mtu akiketi ujue hasira imesimama nje.

Kisha likaja swali ambalo Naftali hakulitarajia. Kati ya vyote hivi, Bwana Shauri aliuliza, kipi alikiunda mwenyewe tangu mwanzo?

Kilikuwepo kimoja. Kiangazi kizima kilichotangulia, kazi za watu zilipokwisha, Naftali alikuwa akitengeneza bastola yake. Mtutu aliutoa kwenye bomba la chuma kutoka machimboni, akaukwangua ndani kwa mkono mpaka ukateleza kama kioo. Mpini ulikuwa wa mpingo. Ilikuwa bado haijapakwa mafuta ya mwisho. Ilikuwa imelala katikati ya zile za wateja, na hakuna mtu chumbani mle ambaye angeitofautisha nazo.

"Ni hii," Naftali alisema, akaigusa.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Kukarabati, ruhusa, atapewa kibali, na kila mwenye bastola aje na kibali chake. Kuunda mpya, hapana, sheria haimruhusu. Zile za wateja zilirudishwa gunia zima. Ile yake ilibaki mezani.

Njiani kurudi walipokezana gunia mpaka walipofika kwenye mteremko.

"Ungesema umeinunua," Ezekieli alimwambia.

"Ningesema nimeinunua kwa nani? Kwa yule Mhindi uliyemwacha dukani?"

Walicheka mpaka wakakaa chini barabarani, na gunia katikati yao.

Damari anajua upande mwingine wa kicheko hicho. Mumewe alipofika nyumbani aliweka gunia kwenye kona, na kwa siku nyingi hakuligusa. Alikwenda shamba, akatengeneza boma la mbuzi lililokuwa halijaharibika. "Wateja wakija nawaambia ameugua. Sikudanganya. Alikuwa mgonjwa." Aliyemponya alikuwa mzee mmoja kutoka Kinyangiri, aliyetembea siku nzima kuleta bastola yenye pampu iliyokwama, akakataa katakata kurudi nayo. Aliketi barazani, akasema atasubiri mgonjwa apone. Jioni Naftali alitoka ndani, akakaa, akaichukua.

"Mtutu ule nauwaza mpaka leo," Naftali anasema. "Lakini Bwana Shauri hakunionea. Aliniuliza, nami nikamjibu. Ningemdanganya, leo ningeifanya kazi hii nikiwa nimeufunga mlango."

Mwaka huu wa 1956 mlango uko wazi. Wateja wanatoka Singida mjini, Kinyangiri, hata Mitundu kule ng'ambo ya reli. Kubadilisha ngozi ni shilingi mbili au kuku; mpini wa kuchonga wanapatana. Si utajiri. Lakini nyumba imepata bati upande mmoja, na binti yao Esta yuko shule ya misheni.

Kazi nyingine huzikataa. Hivi karibuni alikuja mtu aliyetaka bastola yake ifanywe ionekane kama ya kweli, amtishe jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Naftali alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kwa kesi ya mpaka aende kwa jumbe, na kwa bastola iliyoharibika arudi kwake. Mtu yule aliondoka amenuna. Wiki iliyofuata alirudi kubadilisha ngozi.

Ezekieli naye bado huja, mara nyingine bila shida yoyote. Huketi kwenye kigoda, akazijaribu bastola zilizokamilika kwa kulenga kopo kwenye ukuta wa zizi, na Naftali haziachii kwa wateja mpaka Ezekieli aseme zimenyooka.

Sasa kuna jambo jipya. Baada ya mavuno Naftali amepanga kupanda tena Kiomboi, safari hii kwa miguu yake mwenyewe, kuomba leseni ya kuunda bastola za upepo. Mchungaji Anselm wa misheni ameahidi kwenda naye kumtolea ushahidi. Boma wamesema aje, watamsikiliza. Hawakusema zaidi.

Naye hakukaa kusubiri. Anainuka, anaingia ndani, anarudi na kitambaa kilichofungwa. Ndani yake mna misumari minene, kila mmoja kichwa chake kimechongwa kwa tupa.

"Kila bastola inayokuja hapa imegongwa jina la mji kwenye chuma chake," anaeleza. "Miji ya mbali, mingine siwezi hata kuitamka. Nikajiuliza, sisi je?"

Anaweka kipande cha bati mezani, anagonga misumari mmoja mmoja kwa nyundo. K. I. N. Herufi lazima zichongwe kinyume ili zitoke sawa, na N ya kwanza aliisahau kuigeuza. Bado anayo, anamwonyesha mgeni na kuicheka. A na M hazikumsumbua, maana zenyewe zinafanana kulia na kushoto. P ilimchukua muda.

"KINAMP," anasoma. "Baada ya hapo A na N zinarudi zenyewe. Imebaki D tu."

Damari ameshamaliza kuanika. Amekuja kusimama nyuma yake, anatazama bati lile begani kwake. "Na boma wakikataa, Baba Esta?"

Naftali ameshachagua msumari mwingine na kuubana kwenye jiliwa. Anaupuliza, anashika tupa.

"Wakikataa, nitaomba tena mwakani," anasema. "Na hii D ina tumbo, Mama Esta. Haitaki haraka."